Somo: Namna ya kumtambua mungu wa Artemision

Somo hili linahusu sanamu ya shaba nyeusi iliyopatikana baharini karibu na Rasi ya Artemision, kaskazini mwa kisiwa cha Evia nchini Ugiriki, ambayo leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens. Wengi humwita Poseidon, mungu wa bahari. Wengine humwita Zeus, ndugu yake mwenye radi. Tafuteni picha zilizopigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, kwa sababu picha moja haitatosha.

Hatua ya kwanza. Wekeni kando mahali ilipookotwa. Mkono mmoja ulipatikana mwaka 1926 na sehemu kubwa iliyobaki mwaka 1928, lakini sanamu hiyo, iliyotengenezwa mnamo 460 KK, ilikuwa shehena tu ndani ya meli iliyozama karne kadhaa baadaye. Kutolewa baharini hakumfanyi kuwa mungu wa bahari.

Hatua ya pili. Tazameni namna alivyosimama. Ana urefu wa mita 2.09, mguu wa kushoto umetangulia, kisigino cha kulia kimenyanyuka, mkono wa kushoto umenyooshwa kuelekea anakolenga, na wa kulia umevutwa nyuma tayari kurusha.

Hatua ya tatu. Hapa msiharakishe, kwani shauri lote limo katika kiganja cha kulia. Vidole vimejikunja kuzunguka kitu ambacho hakipo tena. Chukueni karatasi, mchore sanamu kutoka ubavuni, kisha mchore mkuki mrefu wa meno matatu, ambao ndio silaha ya Poseidon, ukipita katika kiganja hicho: mtaona kwamba mpini unakatiza usoni, mahali ambapo fundi aliweka kazi yake bora kabisa. Futeni, mchore radi, ambayo Wagiriki waliionyesha kama kitu kifupi chenye ncha pande zote mbili, na uso utabaki wazi. Kwa hoja hiyo mimi naegemea upande wa Zeus.

Hatua ya nne. Linganisheni na kazi nyingine. Visanamu vidogo vya Zeus akirusha radi vina mkao huu huu. Lakini sarafu za mji wa Poseidonia, kusini mwa Italia, zinamwonyesha Poseidon naye akiwa ameinua silaha yake vivyo hivyo, na haifai kuuficha ushahidi huo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Je, ndevu hazitusaidii?*
Marahaba. Hazisaidii, kwa kuwa ndugu hao wawili wote huonyeshwa wakiwa watu wazima wenye ndevu.

*Kwa nini macho ni matundu matupu?*
Macho yalitengenezwa kwa vitu vingine na kupachikwa, kisha yakapotea. Midomo ilitiwa shaba nyekundu, kwa hiyo msidhani kwamba sanamu ilikuwa na rangi moja ilipokuwa mpya.

*Mbona sanamu kubwa za namna hii ni chache?*
Shaba ina thamani, na nyingi ziliyeyushwa ili madini yake yatumike tena. Bahari iliziokoa hizi chache.

*Je, ipo sanamu ya Poseidon isiyo na ubishi?*
Ipo, na imo katika makumbusho hayo hayo: ile ya Livadostra, ndogo zaidi na ya zamani kidogo, ambayo kitako chake kina maandishi yanayoiweka wakfu kwa Poseidon.