Likizo ya kupumzika Naxos: jinsi ya kuipanga ukiwa Kigoma

Chagua kisiwa kimoja, ukae hapo hapo mpaka siku ya kurudi. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza pale mwaloni Kibirizi, tunakonunua dagaa hapa Kigoma, jinsi mimi na mume wangu tulivyopanga likizo yetu ya Ugiriki. Watu wakisikia kwamba Ugiriki ina visiwa, wanataka vitatu kwa mpigo: leo Santorini, keshokutwa Mykonos, wamalizie Krete. Kila kuhama kunakula siku nzima. Unafunga mizigo, unarudisha ufunguo, unakaa bandarini juani, unasubiri meli, unaanza kutafuta chumba kingine. Sisi tunaouza dagaa tunajua kuamka alfajiri kusubiri mitumbwi. Hakuna sababu ya kulipa nauli ya ndege ukafanye kazi ile ile ugenini.

Sisi tulikwenda Naxos. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades, na kina mashamba, mifugo na milima, kwa hiyo chakula kingi kinatoka hapo hapo. Santorini inastahili sifa zake: imekaa juu ya ukingo wa volkano iliyozama, na nyumba zake nyeupe ziko juu ya genge. Lakini meli za kitalii zinashusha pale maelfu ya watu kwa siku moja, na vichochoro ni vyembamba vyenye ngazi kila upande. Kama unataka kulala mchana na kuoga bila kusukumana, Naxos inakufaa zaidi.

Sasa tarehe, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu likizo nyingi za visiwa vile huharibika kwa sababu ya upepo. Julai na Agosti, bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi. Unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, anga ikiwa safi kabisa bila wingu, na ukizidi, mamlaka za bandari huzuia meli kutoka. Agosti 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Wagiriki; wao wenyewe husafiri kwa wingi siku hizo, vyumba hujaa na bei hupanda. Ruka miezi hiyo miwili.

Zinabaki nafasi mbili: Mei na Juni, au Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Wazungu wengi watakwambia Mei ni tamu. Kwao ni kweli. Kwa mtu wa Kigoma, aliyezoea ziwa lenye maji ya nyuzi 25 hivi au zaidi mwaka mzima, bahari ya Mei ina nyuzi 19 tu, na utaingia magoti ukarudi. Septemba bahari imekwisha kupata joto la kiangazi kizima, inafika nyuzi 24 hivi. Nenda Septemba. Ukisogea mpaka mwisho wa Oktoba, migahawa na nyumba nyingi za wageni hufungwa mpaka mwaka unaofuata.

Kwa sisi wa dagaa ongeza hesabu moja: mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwavuti dagaa na mitumbwi haiingii ziwani, kwa hiyo siku hizo mwaloni ni pakavu hata ukiwepo. Angalia kalenda, panga safari yako iangukie hapo, na aliyebaki na biashara yako hatakupigia simu kila saa.

Viza ndiyo inayowavunja wengi moyo, na mara nyingi kinachowaangusha ni fedha kutoonekana kwenye karatasi, wala si kwamba hawana. Ugiriki iko ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudi hata ukinyimwa. Unatakiwa uwe na pasipoti itakayoishi angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka kule, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, nafasi ya ndege, mahali pa kulala, na taarifa ya akaunti ya benki, kwa kawaida ya miezi mitatu ya karibuni. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiguse hizo siku 15. Anza kwa kuuliza ni wapi Mtanzania anapeleka maombi ya viza ya Ugiriki wakati huo, maana alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana na itakubidi usafiri.

Mfanyabiashara wa mwaloni anapokea hela kwa simu, analipa wavuvi kwa simu, anatuma mzigo na kulipwa kwa simu. Benki anakwenda mara moja moja. Ofisa wa viza anayefungua akaunti ya namna hiyo anaona mtu asiye na kazi. Kwa hiyo, kuanzia mwaka mmoja kabla ya safari, mauzo yako yapitishe benki kila wiki, hata kama unayatoa kesho yake. Usisubiri mwezi wa mwisho ukaingiza milioni kadhaa kwa siku moja; fedha ya ghafla inatia shaka kuliko salio dogo linalotembea. Ambatanisha leseni ya biashara, TIN na risiti za kodi, na kama una nyumba au watoto wanaosoma, weka na hati zake. Wanataka kuona kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani.

Halafu kuna suala la ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ukifuatwa utaratibu huo, mtu anayeomba viza mwezi Agosti anapeleka taarifa ya benki yenye miezi mitatu isiyo na mauzo. Peleka maombi mwanzoni mwa Mei kwa safari ya Septemba. Bado uko ndani ya ile miezi sita, na taarifa yako inaonyesha Februari, Machi na Aprili, biashara ikiwa hai. Hili peke yake limenifanya niandike yote haya, kwa sababu nimewaona wenzangu wenye mitaji mikubwa kuliko wangu wakinyimwa.

Safari yenyewe: Kigoma hadi Dar kwa ndege, kisha Athens kupitia Doha, Dubai au Istanbul. Lala Dar usiku mmoja kabla ya ndege kubwa. Ndege yetu ya Kigoma ikichelewa, ile ya kimataifa haitakungoja. Ukifika Athens, usikimbilie meli siku hiyo hiyo. Panda basi la X96 nje ya uwanja, linafanya kazi usiku na mchana, likushushe Piraeus, kwenye bandari ya Athens, ulale karibu na bandari hiyo. Asubuhi utatembea kwa miguu hadi kwenye meli.

Chukua meli kubwa ya kawaida, uache ile ya kasi. Ya kasi inafika mapema zaidi lakini unafungiwa ndani, inarusha watu kwenye mawimbi, na upepo ukizidi ndiyo ya kwanza kuzuiwa. Meli kubwa inachukua kama saa tano hivi mpaka Naxos, unakaa juu sitahani, unanunua kahawa, unatazama visiwa vikipita. Kwa anayejua safari ya meli ya Liemba ziwani kwetu hadi Mpulungu, Zambia, hizo saa tano ni starehe tupu. Tiketi zao zinaandika saa za 24: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Uzuri ni kwamba majira ya kiangazi saa yao na yetu ni moja, kwa hiyo ukipiga simu nyumbani hakuna kuhesabu. Mizigo unaiacha chini kwenye rafu zenye majina ya visiwa. Mara nyingi meli hupita Paros kwanza. Ikiondoka Paros, anza kujiandaa ushuke chini yanakokaa magari, kwa sababu Naxos inasimama dakika chache tu, mlango unafunguka, watu wanatoka, inaondoka.

Chumba tafuta kati ya maeneo mawili. Ufukwe wa Agios Georgios uko pembeni kabisa ya mji, unakwenda kwa miguu, maji ni mafupi na mchanga ni laini. Unamfaa mwenye watoto au asiyejua sana kuogelea. Agios Prokopios na Agia Anna ziko kilomita chache kusini, zina utulivu zaidi, na basi la kisiwa linapita hapo msimu wa wageni. Sisi tulipenda chumba chenye jiko dogo. Kodi ya malazi hulipwa pale pale kwa kila chumba kila usiku, nje ya bei uliyoiona mtandaoni, kwa hiyo itengee fedha. Chaja zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara. Nunua kigeuzi Dar. Na karatasi ya chooni inatupwa kwenye ndoo iliyo pembeni, mabomba yao ni membamba.

Siku ipangeni hivi: oga baharini asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kuanzia saa nane au tisa mchana nendeni mkalale. Wagiriki wenyewe hutulia wakati huo, na kupiga kelele hata uani si ustaarabu. Jioni tembeeni mpaka Portara, lango la marumaru la hekalu lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika. Liko kwenye kijisiwa kilichounganishwa na bandari, na jua linazama nyuma yake. Maji ya chumvi yanakausha ngozi ya mtu wa ziwani. Jimwagie maji baridi kila unapotoka, upake mafuta. Penye mawe vaa viatu, maana kuna viumbe weusi wenye miiba wanaoshika miambani. Mamba hakuna.

Mimi ni mwanamke wa Ujiji, najisitiri. Nilioga na vazi refu la kuogelea linalofunika mwili na kichwa, na hakuna aliyenisemesha. Kibla kule ni kusini-mashariki, tofauti na huku kwetu tunakoelekea kaskazini, kwa hiyo ukiwa chumbani hakikisha kwa simu. Kwenye chakula uwe macho: nyama ya mishikaki na ile ya kukatwa kwenye chuma kinachozunguka mara nyingi ni nguruwe. Ukisikia hirino, ndiyo hiyo. Kotopoulo ni kuku. Mimi nilibaki na samaki. Wana dagaa wao wa baharini, gavros, wanakaangwa wazima na kuminyiwa limau, na niliwala karibu kila siku pamoja na viazi vya Naxos, ambavyo Ugiriki nzima inavisifu kwa haki. Pweza wanaanikwa juani kwenye kamba nje ya migahawa. Nilisimama nikawatazama muda mrefu, jinsi walivyowapanga wasigusane. Ukitaka kubeba dagaa wako, samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya hadi kilo 20, lakini nyama na maziwa ni marufuku. Wafunge mifuko miwili.

Siku moja pandeni basi la milimani, Halki na Apeiranthos, kijiji chenye njia za marumaru. Moja inatosha.

Siku ya kurudi, ondoka kisiwani angalau siku moja nzima kabla ya ndege yako, mbili kama utabiri unasema upepo. Meli ikizuiwa na bandari, ndege ya Athens haitakungoja. Lala tena Piraeus, panda lile lile X96 kurudi uwanjani, na tiketi ya Dar hadi Kigoma ikate kwa ajili ya kesho yake.