SOMO: Jinsi ya kuifanya intaneti ya shule au maktaba itumike kweli hata kama bando ni dogo

Habari zenu wadau, hasa walimu na wakutubi. Hili swali naulizwa sana inboksi, nikaona bora niliandike lote hapa, mtu akiuliza tena tunamwelekeza huku.

Kwanza tuelewane. Shule nyingi za kata zinazolalamika intaneti haitoshi, shida yao kubwa sio spidi. Shida ni kitu kilekile kuvutwa mara arobaini. Form Two wote wanaangalia video ileile ya mmeng'enyo wa chakula, kila kompyuta inaivuta kivyake kutoka mtandaoni, bando la mwezi linakata wiki ya kwanza, mkuu wa shule anasema hii intaneti hasara tupu, kompyuta zinafunikwa vitambaa ofisini na biashara imeishia hapo. Dawa yake ni kuvuta mara moja tu, unaweka kwenye mashine moja ya shule, wote wanasoma kutoka kwenye hiyo mashine kwa waifai ya ndani bila kula hata MB moja. Somo zima ni hilo, mengine ni namna ya kufika.

HATUA YA 1: Anza na walimu, mashine baadaye

Chukua daftari, pita ofisi ya walimu, muulize kila mmoja mada gani inamtesa muhula huu na angekuwa na nini wanafunzi wangeelewa. Usiulize "mnataka nini kwenye intaneti" maana utajibiwa vitabu na past papers basi. Mwalimu wa Fizikia atakwambia umeme, sina nyaya, sina balbu, nachora tu ubaoni. Wa Kingereza atakwambia Form One wametoka msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, leo hii kitabu cha Bayolojia ni Kingereza kitupu. Hayo andika kama yalivyo, ndio orodha yako ya vitu vya kutafuta. Kwa maktaba ni hivyohivyo, mkutubi anajua watu wanauliza nini kila siku pale kaunta, andika wiki mbili tatu utaona yanajirudia.

HATUA YA 2: Ziba matundu ya bando

Hii watu wanairuka na ndio inayowamaliza. Kompyuta ya Windows ikiona waifai inadhani data ni ya bure, inaanza kujivutia apdeti kimyakimya. Tableti nazo ukiziacha hivihivi zimepangwa zivute apdeti za programu zikiwa kwenye waifai tu, sasa rauta yenu ya laini ya simu kwake ni waifai tu, haijui kama kuna bando la mkuu wa shule humo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta uiambie mtandao huu una kikomo cha data, na kwenye kila tableti zima apdeti za kujiendesha zenyewe. Apdeti za usalama msiziache moja kwa moja lakini, pangeni siku moja ya mwezi mzifanye kwa makusudi, ikiwezekana usiku kama mtandao wenu una bando la usiku.

HATUA YA 3: Mashine ya kuhifadhia

Watu wakisikia "seva" wanaogopa. Laptopu kuukuu inatosha kabisa, hata kioo kikiwa kimepasuka, mradi inawaka na ina nafasi ya kutosha au unaiongezea diski ya nje. Wapo wanaopenda Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, ni kizuri na kinakula umeme kidogo sana, ila mimi kwa shule inayoanza nashauri laptopu, kwa sababu umeme ukikatika betri yake inaibeba. Pi ukiikatia umeme ghafla mara kwa mara memori kadi inaweza kuharibika, na kijijini huna wa kukutengenezea.

HATUA YA 4: Vitu vya kuweka

Hapa ndio penyewe, someni taratibu.

Kiwix. Programu ya bure, inasoma Wikipedia nzima bila intaneti. Unapakua faili moja linaloishia na .zim, unalifungua, basi. Wikipedia ya Kiswahili ni faili dogo, chukueni bila kufikiria mara mbili. Ya Kingereza nzima na picha inazidi giga 100, hiyo waachieni wenye diski kubwa. Kwa sekondari zetu nashauri ile ya Kingereza chepesi, mada nyingi zilezile ila sentensi fupi na maneno ya kawaida, ni giga chache tu. Mtoto wa Form One anayehangaika na kitabu cha Bayolojia anasoma pale kwanza, akirudi kwenye kitabu anakuta maneno sio mageni tena. Kwangu hii ndio faida kubwa kuliko zote kwenye orodha hii.

PhET. Haya ni majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mradi ulianza 2002, na Kiwix wana faili lake la .zim pia. Kwa yule mwalimu wa umeme, mwanafunzi anafungua jaribio la kujenga sakiti, anavuta betri, anavuta balbu, anaunganisha nyaya, balbu inawaka, akiongeza betri mwanga unazidi, akiunganisha nyaya vibaya betri inawaka moto hapohapo kwenye skrini. Anaweka ammita anasoma mkondo. Haibadilishi maabara, ila kati ya hiyo na mchoro wa ubaoni mtoto ataelewa wapi? Mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Kolibri. Imetengenezwa na Learning Equality, hii ni kama darasa. Ina video na mazoezi, ikiwemo Khan Academy ya Kiswahili. Unatengeneza madarasa, mwalimu anagawa somo na jaribio, na anaona nani amefika wapi. Usivute chaneli nzima (yaani mkusanyiko mzima wa masomo), chagua mada za kwenye daftari lako la hatua ya 1 tu, video ni nzito. Na ukishavuta unaweza kuhamishia shule jirani kwa flashi au diski, wao hawahitaji bando.

Hadithi. Kwa msingi na maktaba za watoto, African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, na kuzinakili ni ruksa.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Kila mtu anapakua mitihani ya nyuma, sawa, lakini kwenye saiti yao kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zinaonyesha swali, wanafunzi wengi walijibu nini, walikosea wapi, na zimewekwa sampuli za majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwalimu ukifundisha ukiwa umesoma hiyo unajua kabisa darasa litajikwaa wapi. Nasikitika sana kuona walimu wengi hawajawahi hata kuifungua. PDF chache tu, wekeni.

HATUA YA 5: Waifai ya ndani

Rauta yoyote hata ya zamani, haihitaji laini wala intaneti, inatoa waifai tu. Unaunganisha laptopu kwa waya, unaingia kwenye mipangilio ya rauta unaifungia laptopu anwani moja isiyobadilika, tuseme 192.168.0.50. Usiporuka hapa utaokoa kelele nyingi, maana anwani ikibadilika kila asubuhi walimu watasema "haifanyi kazi" na wataacha. Halafu washa seva ya Kiwix, ipo kwenye menyu ya programu yenyewe. Angalizo moja: Kiwix na Kolibri mara nyingi zote zinagombania poti 8080 (poti ni namba ya mlango wa programu kwenye mashine), badilisha ya Kiwix iwe 8181. Faiwoli ya Windows (ulinzi wake wa mtandao) ikiuliza, ruhusu mtandao wa ndani. Mwanafunzi anaandika kwenye browza 192.168.0.50:8181 anaingia. Andika hiyo anwani kwa maka pen kubwa ubandike ukutani.

Wengine wanataka kutumia hotspoti ya Windows badala ya rauta, inakubali vifaa 8 tu, kwa darasa haitoshi.

HATUA YA 6: Mtu na ratiba

Bila mtu mwenye funguo na ratiba ukutani yote haya ni bure. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili watatu wanaopenda mambo haya, wafundishe kuwasha na kuzima mpaka waweze bila wewe. Mchana mashine ya ndani, jioni baada ya vipindi intaneti halisi kwa wale wenye swali ambalo halikupatikana ndani, na wawe wameliandika kwenye karatasi kabla hawajakaa.

MASWALI YA WADAU

Ticha wa Chemia: Mkuu asante sana kwa somo. Kwetu umeme haujafika, nina simu yangu tu. Nitoke vipi?

Jibu: Unatoka vizuri tu mwalimu. Kiwix ya Android ina sehemu ya kugawa vitabu, unawasha hotspoti ya simu, unawasha hiyo, wenye tableti wanafungua anwani inayoonekana kwenye simu yako. Ila pakua Kiwix kwenye saiti yao wenyewe, ile ya Play Store ina vizuizi vya kufungua faili ulizokopi kutoka kwingine. Chaji na pawabenki ya sola.

Kijana wa IT: Nimekopi faili la giga 6 kwenye flashi inaniambia faili ni kubwa mno na wakati flashi ni ya giga 32 tupu kabisa???

Jibu: Flashi yako imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, huo haupokei faili moja linalozidi giga 4. Hamisha vitu vyako kwanza, ifomati kuwa exFAT, kopi tena.

Mama Maktaba: Mimi ni mkutubi wa maktaba ya mkoa, intaneti tunayo nzuri tu ila vijana wanakuja kubeti na kuangalia mambo ya ajabu. Niwafungie vipi jamani

Jibu: Shikamoo mama. Kwenye rauta badilisha DNS (huduma inayotafuta anwani za saiti) iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, zinazuia saiti za ngono na zenye virusi. Za kubeti hiyo haizuii, itabidi uziweke moja moja kwenye orodha ya kuzuia ya rauta. Lakini naomba nikuongezee kitu, wewe mwenye intaneti nzuri ndio wa kuokoa shule za wilayani. Tenga kompyuta moja iwe ya kujazia, mwalimu anakuja mara moja kwa mwezi na diski yake, anaondoka na Wikipedia, PhET na taarifa za NECTA. Faili unavuta mara moja, shule zote za mkoa zinakopi kwako.

Mama Maktaba: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kujazia nimeipenda, kesho naongea na bosi wangu.

Mwalimu wa Junior School, Kenya: Na sisi wa CBC, mtaala wa umahiri wa huku, je? Hizi vitu za NECTA hazitusaidii.

Jibu: Karibu mwalimu. Kiwix, PhET na Kolibri ni zilezile, hatua hazibadiliki. Badala ya NECTA angalia Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi yenu ya mitaala, ila soma masharti yao kabla ya kunakili. PhET itakufaa sana kwenye Integrated Science.

Mdau wa Elimu: Vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vipo bure mtandaoni, kwa nini hujasema tuvipakue tuviweke humo humo?

Jibu: Nimeacha makusudi. Kusoma bure kwenye maktaba mtandao ya TET ni kitu kimoja, kunakili na kusambaza ni kingine, vile vitabu vina haki zake. Wikipedia leseni yake inaruhusu kunakili, Khan Academy inaruhusu mradi usiuze, African Storybook pia inaruhusu. Kwa TET mkuu wa shule aandike barua aombe, wakikubali mnaweka.

Ticha Hesabu: Sisi tumeshafunga kila kitu ila watoto thelathini wakifungua video kwa pamoja inakwama.

Jibu: Hiyo ni rauta imeelemewa, Wikipedia na PhET hazitakwama hivyo. Video onyesha kwa projekta darasa zima, au wagawe makundi matano kila kundi skrini moja. Na angalia rauta imekaa wapi, kama ipo ofisini nyuma ya kabati la chuma ihamishie darasani juu ukutani ujaribu tena, halafu urudi utuambie.