Kabla ya kuomba kadi ya mkopo ya kwanza Marekani

Mkopo uliorudisha vizuri benki ya Nairobi, SACCOS uliyochangia miaka kumi Mwanza, M-Shwari uliyolipa kila mara kabla ya siku: ukifika Marekani, vyote hivyo kwa kawaida havihesabiki. TransUnion ipo Kenya na ni miongoni mwa kampuni za CRB, zinazotunza taarifa za wakopaji, lakini anayepima ombi lako la kadi Dallas au Minneapolis kwa kawaida hafungui faili lako la huko. Unaanza bila sifa nzuri wala mbaya. Ndiyo maana kadi ya kwanza haifai kuhesabiwa kama nyongeza ya mshahara. Kazi yake ni kuliandikisha jina lako, na maandalizi yanaanzia kwenye jina hilo.

Majina yetu yana taabu ambayo watu hawaonywi mapema. Chukua mtu anayeitwa, tuseme, Asha Juma Bakari. Kadi yake ya Social Security, yenye namba ya utambulisho inayotumika Marekani kwa kazi, kodi na mikopo, inasema Asha Bakari. Kazini wamemsajili Asha Juma, kwa kuwa karani alidhani Juma ndilo la ukoo. Benki wakaandika Asha J. Bakari. Kampuni tatu zinazotunza mafaili ya wakopaji, yaani Equifax, Experian na TransUnion, huoanisha jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya Social Security. Vikipishana, malipo yako mazuri yanaweza kuangukia faili la pili usilolijua, au deni la mwingine likaingia kwako. Kwa waliotoka makambini hatari huzidi: wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na ndugu kadhaa wenye jina moja la babu wanakaa nyumba moja. Mwenye jina moja tu huenda viza yake imeandikwa FNU, yaani “jina la kwanza halijulikani”, penye jina la kwanza, na herufi hizo humfuata hadi benki. Shika mpangilio ulio kwenye kadi ya Social Security na uutumie kila mahali. Kama wenyewe umekosewa, urekebishe kwanza, halipiwi. Ila kosa likiwa limetoka kwenye hati za uhamiaji, anzia huko.

Namba ya Social Security nayo haimfikii kila mtu kwa njia moja. Aliyeshinda bahati nasibu ya green card anaweza kuiomba ndani ya fomu ya viza, ikaja kwa posta baada ya kufika. Mwanafunzi wa viza ya F-1 haipati mpaka awe na kazi anayoruhusiwa. Asiyestahili kuipata lakini ana kodi ya kuwasilisha huomba ITIN, namba ya mlipakodi, kwa fomu W-7, na baadhi ya watoa kadi huikubali. Na asikudanganye mtu kuhusu namba ya tarakimu tisa inayouzwa kwa jina la CPN, eti uanze upya. Kuandika namba ya uongo kwenye ombi la mkopo ni jinai, na kwa mgeni balaa lake linaweza kufika hadi kwenye makaratasi ya ukaazi.

Kadi huja kwa posta, kwa hiyo jina lako lionekane kwenye sanduku la barua. Kama unahama mwezi ujao, hamia kwanza ndipo uombe. Bahasha nyingi za benki zimeagizwa zirudi kwa mtumaji badala ya kukufuata uendako.

Waliokuja kwa mpango wa wakimbizi, kutoka Nyarugusu, Kyangwali na kwingineko, wana jambo lao. Ile tiketi ya ndege mliyotia saini kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ni deni. Halina riba, na marejesho huanza yapata miezi sita baada ya kufika. Nimeona barua zake zikitupwa pamoja na matangazo ya pizza. Mashirika yanayokusanya malipo hayo huyaripoti kwa kampuni za krediti, hivyo huenda hilo ndilo jambo la kwanza litakaloandikwa kukuhusu Marekani. Lipa hilo vizuri, hata kwa kidogo kidogo mlichokubaliana, na utaomba kadi ukiwa tayari na kitu kwenye faili.

Kadi ya kuanzia kwa wengi ni ile ya dhamana. Unaweka amana, mara nyingi dola 200 au 300, na ukomo wako, yaani kiasi cha juu unachoweza kutumia, unakuwa kiasi hicho. Amana ni yako, na utarudishiwa ukifunga bila deni au ukipandishwa daraja. Kabla ya kuitoa uliza: kadi hii inaripotiwa kwa kampuni zote tatu? Ina ada ya mwaka? Huwa inapanda kuwa kadi ya kawaida? Chama cha kuweka na kukopa cha mtaani, mfano wa SACCOS, aghalabu kina masharti mepesi kuliko benki kubwa. Usiombe tano kwa mpigo ukitumaini moja itakubali, maana kila ombi huacha alama kwenye faili kwa miaka miwili. Aliye chini ya miaka 21 lazima aoneshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini. Ndivyo sheria ya 2009 inavyotaka.

Sasa tarehe, ambapo hata watu waangalifu huumia. Kadi ina siku mbili: ya kufunga hesabu na ya mwisho ya kulipa, na kati yake sheria inataka zisipungue siku 21. Tuseme ukomo ni dola 300, hesabu hufungwa tarehe 12, mwisho wa kulipa ni tarehe 7 mwezi unaofuata. Tarehe 5 unanunua tairi za dola 240. Ukilipa zote tarehe 6 ya mwezi unaofuata, riba hakuna. Lakini hesabu ilipofungwa tarehe 12, ripoti ilikwenda kwamba umetumia asilimia 80 ya ukomo, na alama zako za ukopaji zinashuka ingawa huna kosa. Ungelipa dola 200 tarehe 10, ripoti ingesoma dola 40 tu. Katika alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi huzitumia, zinazoanzia 300 hadi 850, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Alama zenyewe hazitoki mpaka akaunti ifikishe miezi sita.

Kile kiasi cha chini wanachokuonesha, pengine dola 25, ndicho mtego. Ukilipa hicho tu, salio linaanza kula riba, mara nyingi zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na hata unga utakaonunua kesho unatozwa tangu siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku 30, huandikwa na kukaa miaka saba. Weka malipo ya salio lote yajikate yenyewe. Kwa anayekwepa riba kwa sababu ya dini, mkataba wenyewe una kipengele cha riba hata kama hutailipa kamwe, kwa hiyo amwulize sheikh wake kabla ya kusaini.

Halafu kuna nyumbani. Simu ya msiba inaingia usiku, kundi la WhatsApp linahesabu michango, na programu ya kutuma pesa kwenda M-Pesa inakubali kadi ya mkopo. Baadhi ya watoa kadi huhesabu hiyo kama kuchota taslimu: ada juu, na riba tangu dakika ya kwanza. Tuma kwa kadi ya benki inayokata pesa za akaunti yako mwenyewe, na kama huna pesa humo, sema huna. Kadhalika ndugu akiomba umwongeze kwenye kadi yako, ujue deni atakalofanya ni lako peke yako.

Kabla ya kujaza fomu, fungua AnnualCreditReport.com uone kama una faili tayari. Ni bure kila wiki. Ukiambiwa hakuna, ni kawaida ya mgeni. Ukikuta jina lisilo lako au deni usilolijua, lipinge kwa maandishi. Kampuni kwa kawaida ina siku 30 kulichunguza. Ombi la kadi lisubiri hadi jibu lije.