Vipande 64 vya boksi: somo la kumeguka kwa kiini cha atomu

Nafundisha fizikia hapa Kigoma, na kila mwaka kidato cha nne wanakwama hapahapa. Wanakariri alfa, beta, gama, yaani aina tatu za mionzi inayotoka kwenye kiini. Ukiwauliza nini kimetoka wapi, kimya. Leo tuanze na mikono.

Hatua ya kwanza. Kata boksi la sabuni vipande 64 vinavyolingana, kila kimoja ni mfano wa kiini kimoja, kitie X upande mmoja. Weka kwenye sufuria, tikisa, mwaga mkekani. Vilivyoonyesha X vitoe: hivyo vimemeguka. Hesabu vilivyobaki, andika, rudia. Juzi darasani tulipata 35, kisha 16, 9, 4. Hakuna aliyeweza kusema kipande kipi kitaondoka, ila karibu nusu iliondoka kila mara. Hapo ndipo penye somo lenyewe. Kiini hakizeeki, kilichokaa miaka elfu na cha jana vina nafasi ileile ya kumeguka sasa hivi. Muda wa nusu kuondoka tunauita nusu-uhai: iodini-131 ni siku 8, kaboni-14 ni miaka 5,730.

Hatua ya pili, kinachotoka. Alfa ni protoni 2 na nyutroni 2 zilizoshikana. Urani-238 ikiitoa, 238 (jumla ya protoni na nyutroni) toa 4 ni 234. Protoni 92 toa 2 ni 90, nayo ni thori. Kwenye beta, nyutroni moja inageuka protoni na elektroni inaruka nje: kaboni-14 yenye protoni 6 inakuwa naitrojeni-14 yenye 7. Gama haigusi hesabu hizo, kiini kinatua nishati iliyozidi tu. Karatasi inazuia alfa, alumini ya milimita chache inazuia beta. Gama inataka madini ya risasi, tena mazito.

Maswali ya wanachama

— Shikamoo mwalimu. Basi siku 16 iodini yote imekwisha?

Marahaba. Hapana. Rudi mkekani: mwago wa pili ulichukua nusu ya vilivyobaki. Siku ya 16 inabaki robo, ya 24 thumuni.

— Ukiichemsha haiharakishi?

Haiharakishi. Moto unahangaika na elektroni za nje, kiini hakina habari.

— Mwalimu, nasikia ndizi zina mionzi, na mama anauza ndizi sokoni.

Ni kweli, kidogo mno. Katika atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, ndiyo yenye mionzi. Imo kwenye ndizi, viazi, dagaa, na mwilini mwako tangu uzaliwe. Ukila zaidi, mwili unaitoa potasiamu iliyozidi kwa mkojo. Mama aendelee kuuza.