Ukichomoa kadi tu, kompyuta ijiloki yenyewe (Ubuntu)

Watu wengi wakinunua kisoma kadi (kadi zenye chipu, smart card) wanawaza kadi ikiingia kompyuta ifunguke, mi naona bora uanzie upande wa kutoka, unachomoa kadi unaenda kunywa chai na skrini inajiloki bila wewe kukumbuka chochote, na hata skripti ikigoma hasara yake ni ndogo.

Kwanza weka hivi vitu:

sudo apt install pcscd pcsc-tools python3-pyscard

pcscd ndo inayoongea na kisomaji, haina kelele. Sasa andika pcsc_scan kwenye teminali, chomeka kadi, chomoa, utaona inaripoti kila kitu na mstari wa ATR (jibu ambalo kadi hutoa ikiwashwa) unaoanza na 3B hivi, ukopi huo. Kama unatumia ACR122U, ile ya kugusisha kadi, na haionekani kabisa, usikimbilie kuirudisha dukani, mara nyingi ni moduli ya kernel (kipande cha kiini cha Linux) inaitwa pn533_usb imeiwahi kabla ya pcscd. Tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/ jina liishie na .conf, andika blacklist pn533_usb, riboot. Mi hapo nilipoteza jioni nzima nabadilisha waya za USB. Na fanya ukiwa umekaa kwenye mashine yenyewe, ukiingia kwa mbali kwa SSH pcscd inaweza kukukatalia ruhusa ukadhani umeharibu kitu.

Skripti yenyewe fupi tu, iite mlinzi.py:

from smartcard.CardMonitoring import CardMonitor, CardObserver
from smartcard.util import toHexString
import subprocess, threading

YANGU = "3B ..."

class Mlinzi(CardObserver):
    def update(self, observable, kadi):
        zilizoingia, zilizotoka = kadi
        for k in zilizotoka:
            if toHexString(k.atr) == YANGU:
                subprocess.run(["loginctl", "lock-session"])

m = CardMonitor()
m.addObserver(Mlinzi())
threading.Event().wait()

Hapo kwenye 3B bandika ATR yako yote, nafasi ziachwe kama zilivyo. Irun kwa python3 mlinzi.py, chomoa kadi, skrini ikijiloki basi iweke kwenye programu zinazojiwasha ukishalogin. Ukitaka kitendo kingine, kusimamisha muziki au kuanza bakapu, badilisha huo mstari wa subprocess, na ukitaka kitokee kadi ikiingia zungukia zilizoingia.

Sasa usije ukachukua hiyo ATR ukaifanya nywila. ATR inataja aina ya kadi, sio mwenye kadi, kwahiyo kadi mbili za toleo moja zinaweza kutoa ATR ileile na jirani yako wa mezani akafungua mashine yako kwa kadi yake. Hata UID, yaani namba ya utambulisho ya kadi za kugusisha, unayoipata kwa amri ya FF CA 00 00 00, inakopika kirahisi. Ukitaka kadi ikufungulie kweli tafuta yenye cheti na PIN halafu usome pam_pkcs11, moduli ya Linux ya kulogin kwa kadi, hiyo ni kazi ya wikendi nzima.

Wa Windows hamna haja ya skripti kama mnalogin kwa kadi, kuna sera (policy) ya usalama inaitwa Smart card removal behavior, iwekeni Lock Workstation, na sevisi ya Smart Card Removal Policy iwe imewashwa, isipowashwa hakuna kitakachotokea.