Timu Ikitolewa, Mtupaji Alaumiwe Vipi? Mwongozo wa Muuza Kofia wa Gikomba

Mimi nauza kofia za mitumba Gikomba, na kofia ndizo zilizoniingiza kwenye besiboli. Kofia ya New York hujiuza yenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza ni ya mchezo gani. Lakini kulikuwa na moja ya buluu iliyokolea, yenye herufi S juu ya nyota ya dira, iliyokaa mezani miezi mitatu bila mtu kuigusa. Nikaivaa mwenyewe. Watu wakaniuliza ni ya nani, nikaona aibu kutojua bidhaa yangu, nikaitafuta kwenye simu. Seattle Mariners. Walianza kucheza ligi kuu ya Marekani mwaka 1977, na kati ya timu 30 za ligi hiyo ndio pekee ambao hawajawahi kufika fainali, ile World Series. Ningelijua hilo mapema, ile kofia ningeiachia kwa shilingi hamsini.

Basi mwongozo huu ni wa mtu ambaye timu yake imetolewa, watupaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, ndio walioangusha mzigo, na moyo unamwambia atukane mtu. Tukana, sikukatazi. Ila mtukane anayestahili, na kumjua ni nani kuna kazi kidogo.

Kwanza, usitamke lolote kabla hujanywa chai. Nasema hivi kwa sababu mimi sikungoja chai. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, mechi ya saba ya Seattle dhidi ya Toronto Blue Jays ilianza saa tisa na dakika nane usiku kwa saa zetu. Saa hizo mimi huwa macho, maana marobota hufunguliwa mapema, na asiyekuwepo kamba zikikatwa huambulia masalio. Nikatoka Shauri Moyo kwa miguu, waya mmoja sikioni, sikio la pili nimeliacha wazi nisije nikaporwa. Tulikuwa tunaongoza 3-1. Julio Rodríguez alikuwa ameshaupiga mpira nje ya uwanja, Cal Raleigh naye hivyo hivyo, huyo Raleigh aliyepiga 60 za namna hiyo katika msimu. Mshindi anakwenda fainali.

Zamu ya saba kati ya tisa ikanikuta nimesimama mbele ya robota la kofia linalokatwa kamba. George Springer wa Toronto akampiga Eduard Bazardo, mtupaji wetu, mpira ukaruka ukuta wa kushoto, watu watatu wakarudi nyumbani kwa mpigo, yaani mabao matatu. 4-3. Nilipiga ukelele. Mwenye robota akadhani nimeona kofia nzuri, akapandisha bei hapo hapo.

Mchezo ukaishia hapo hapo, 4-3, na wa kunipa pole hakuwepo. Jumapili iliyotangulia Raila alikuwa amezikwa Bondo, na soko zima lilikuwa bado linaongea kwa sauti ya matanga. Ningemwambia nani kwamba macho yangu yamevimba kwa ajili ya mtupaji wa Seattle? Nikamtukana Bazardo peke yangu, kwa Kikamba, mpaka kukapambazuka. Kumbe yule mtu alikuta nyumba inawaka tayari.

Chai ikishashuka, tafuta karatasi. Mimi hutumia kifuniko cha boksi la viatu, jirani yangu wa viatu hunipa bure. Tafuta kwenye simu orodha ya mchezo, ile inayoonyesha kila mpigaji alifanywa nini na nani, si muhtasari wenye video. Video zitakuonyesha mpira ukiruka ukuta mara arobaini, na kila mara mtupaji ni yule yule, kwa hiyo utamchukia yeye tu. Chora besi nne, vile vituo ambavyo mpigaji huvizunguka mpaka arudi nyumbani alipoanzia. Kisha rudi nyuma hadi pale zamu ile mbaya ilipoanza, na kila anayefika kwenye besi mwandikie ubavuni jina la mtupaji aliyemruhusu kufika.

Changu kilisomeka hivi. Addison Barger, wa kwanza kupiga zamu hiyo: amepewa besi bure, mipira minne mibovu, Bryan Woo. Isiah Kiner-Falefa: amepiga, yuko kwenye besi, Woo. Andrés Giménez: ameugusa mpira kidogo tu kwa makusudi, ametolewa yeye, lakini wenzake wamesogea hadi besi ya pili na ya tatu. Hapo ndipo Woo alipopumzishwa, Bazardo akaitwa. Halafu Springer.

Sheria ya uandishi wa besiboli ni kama daftari la madeni dukani: deni huandikwa jina la aliyemkopesha mteja, si la aliyekuwa zamu siku mteja alipotoroka. Kwa hiyo katika yale mabao matatu, mawili yameandikwa kwa Woo na moja tu kwa Bazardo. Nilipoliona hilo nilimwomba Bazardo msamaha kimoyomoyo, na kwa Kikamba vilevile.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa maana ndipo mashabiki wengi wanapopotea. Wastani wa mtupaji, ule unaotajwa kila mahali, unapatikana kwa kuchukua mabao aliyoruhusu, ukizidisha kwa 9, ukagawanya kwa zamu alizotupa. Mtu aliyetupa zamu 6 na kuruhusu mabao 2 ana wastani wa 3.00. Kwa anayeanza mchezo, wastani huo unakupa picha nzuri tu, ingawa makosa ya wadakaji hayahesabiwi kwake. Kwa anayeingia katikati, unadanganya. Anaweza kukuta watu wawili kwenye besi, akawaachia wote wakarudi nyumbani, na wastani wake usiguswe, kwa sababu deni ni la mwingine. Kwa hiyo ukitaka kumjua mtupaji wa akiba, uliza mambo mawili: alikuta wangapi, na wangapi kati yao waliingia. Mengine ni mapambo.

Wala usimgeukie Woo ukamalizia hasira kwake. Msimu mzima alikuwa mtupaji wetu bora wa kuanza michezo, halafu Septemba akaumia msuli wa kifua, na katika mechi hizi za Toronto ndiyo kwanza alikuwa anarudi, tena kwa kuingia katikati, kazi asiyoizoea. Siku tisa au kumi kabla, timu ilikuwa imecheza zamu 15 na Detroit kuamua nani asonge mbele, mchezo wa kawaida ukiwa wa zamu 9. Watupaji wa kuanza walitolewa kwenye mapumziko yao wakaletwa kuzima moto usiku ule. Tulishinda 3-2 na mimi nikafungua meza saa nne asubuhi, nikicheka na kila mteja. Mkono wa mtupaji haucheki. Ukiandika lawama zako, weka pembeni safu ya uchovu: nani alitupa lini, na alipumzika siku ngapi. Mara nyingi safu hiyo inakunyamazisha.

Sasa tumfikie aliyeita. Mtupaji hajiiti mwenyewe uwanjani. Kocha ndiye humwita, na kocha wetu ni Dan Wilson. Hili mtu wa Gikomba halihitaji kufundishwa. Robota likifunguliwa kuna kamera, zile nguo za kwanza ambazo wenye maduka ya mjini hugombania, na kuna fagia, zinazouzwa kwa kumwagwa chini. Kazi ya muuzaji si kushona nguo, ni kujua lini aitoe kamera mezani. Bazardo si fagia, nisieleweke vibaya. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kutegemewa. Lakini kamera yetu ilikuwa Andrés Muñoz, yule wa kufunga duka, mwenye mpira wa kasi na slaida, mpira unaopinda ghafla, inayowaacha wapigaji wanapunga hewa.

Angalia kile kifuniko cha boksi tena. Mtu yuko besi ya pili, mwingine ya tatu, ametolewa mmoja tu kati ya watatu wanaomaliza zamu. Sifa ya Bazardo ni sinka, mpira unaozama ili mpigaji auchape chini, na wadakaji wamalize. Ila kwa hali ile, hata mpira wa kuchapwa chini ungeweza kumleta nyumbani yule wa besi ya tatu. Kilichotakiwa ni mpigaji akose kabisa, na wa kuwakosesha kabisa alikuwa Muñoz. Utasema, mfunga duka hungoja zamu ya tisa. Ndiyo desturi. Lakini duka linafungwa wezi wakifika, hata kama ni saa nane mchana.

Kocha ana utetezi wake na ni haki kuuandika. Tangu 2020 mtupaji akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize zamu, kwa hiyo huwezi kumleta mtu kwa mpigaji mmoja ukamrudisha benchi. Ukimtumia Muñoz zamu ya saba, nani atatupa ya tisa? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba ya tisa hatukuifikia tukiongoza.

Kabla hujamwita kocha mjinga, mpime na wenzake, maana kosa hili lina ukoo. Mwaka 2016, uwanja uleule wa Toronto, Baltimore walikuwa na Zach Britton, mtupaji wa kufunga mwenye wastani wa 0.54 msimu huo. Zero nukta hamsini na nne! Wakaenda hadi zamu ya 11 yeye amekaa, Ubaldo Jiménez akapigwa nje na Edwin Encarnación wa Toronto, mabao matatu, safari ikaishia hapo. Kisha kuna kosa lililogeuzwa juu chini: fainali ya 2020, mechi ya sita, Blake Snell wa Tampa Bay ametupa mipira 73 tu na ameangusha wapigaji tisa, anaongoza 1-0, kocha akamtoa. Wapinzani wao Dodgers wakashinda 3-1 na kuchukua kombe. Mmoja alichelewa kuita, mwingine aliharakisha kuondoa, na wote wawili walikuwa na hesabu zao mkononi. Hao ukishawaweka kwenye kifuniko chako, hasira kwa kocha haiishi, ila inapata ndugu.

Kuhusu wapigaji wetu nitasema kwa ufupi, maana hapa tunazungumzia watupaji: baada ya zamu ya tano hawakuongeza hata bao moja. Ukiwa na nafasi kwenye boksi, liandike.

Kuna jambo moja ambalo wengi hufanya kujituliza, nami nilifanya, kwa hiyo nalitaja. Mtupaji aliyetumaliza, aliyemkosesha Julio Rodríguez mpira wa mwisho, ni Jeff Hoffman. Kwenye robota la siku ile nilipata kofia mbili za Toronto, nikazisukuma chini ya meza, nikasema hazitaona jua. Alfajiri ya Jumapili tarehe 2 Novemba, mechi ya saba ya fainali, Hoffman huyohuyo akiwa amebakiza kuwatoa wawili tu Toronto wachukue ubingwa, akapigwa nje na Miguel Rojas wa Dodgers. Mchezo ukafika zamu ya 11, Dodgers wakashinda 5-4, na aliyemalizia kutupa ni Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa ametupa mipira 96 jana yake. Nilicheka peke yangu kwa dakika moja hivi. Kisha nikamwona Hoffman kwenye simu, nikakumbuka Bazardo alivyosimama na mikono kiunoni, nikazitoa zile kofia chini ya meza. Ziliuzwa wiki hiyo hiyo, kwa bei ya kawaida. Kwa hiyo kitulizo hicho kitumie ukipenda, ila usikitegemee kwa chakula cha mchana.

Mwisho, pima lawama zako kwa mtu asiyeujua mchezo kabisa. Akikuelewa, umezipanga vizuri. Asipokuelewa, bado unatukana tu. Mimi nilikwenda kwa jirani yangu wa viatu, mzee ambaye mchezo wake ni draughti na hasikii la mtu. Nikampelekea kifuniko chake mwenyewe kikiwa kimejaa michoro. Akavaa miwani.

"Mama Kofia, huyu ndiye aliyewaruhusu hawa wawili?"

"Ndiye, mzee."

"Na huyu akaletwa awazuie, akashindwa."

"Akashindwa."

Akafuata mistari kwa ncha ya sindano ya kushonea viatu mpaka akafika kwenye jina nililoliandika pembeni na kulizungushia duara.

"Na huyu Muñoz, wa kufunga duka, yeye alikuja lini?"

"Aliingia zamu iliyofuata, mzee. Ya nane."

Akavua miwani, akaniangalia.

"Kufunga nini?"