Umeokota kifaranga wa bata anayeharisha? Andaa haya kabla hujamlisha

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, Mto Mirongo hushuka na kila kilichosahaulika nje: chupa, ndala, magunzi, na mara nyingine vifaranga wa bata waliopotezana na mama yao. Mmoja aliletwa kwangu na mtoto wa jirani, kamviringisha kwenye fulana ya shule. "Shikamoo mamkubwa. Huyu anaharisha, tumpe ugali?" Nilimjibu hapana kwa ukali ambao hakustahili. Kifaranga wa kwanza niliyewahi kuokota nilimuua mwenyewe kwa ugali laini na maziwa. Alikuwa amelowa na amepoa, nami nikaona njaa tu. Asubuhi nilimkuta amekauka, tumbo gumu, chakula cha jana yake kikiwa humo humo.

Kifaranga aliyepoa hasagi chakula. Ukimlisha kabla hajapata joto, kile ulichompa kinalala tumboni na kuchacha. Kwa hiyo kwanza joto, halafu maji, chakula mwisho, na vyote vitatu viwe tayari kabla hujaanza kumpapasa mdomo.

Lakini kwanza uliza ni wa nani. Bata wa kufugwa mara nyingi ana mwenyewe nyumba mbili tatu kutoka hapo, na mama yake akiwapo, hakuna boksi linaloshinda mbawa zake. Ukimkuta kwenye matete ya ziwani, huenda ni bata pori. Huyo analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo watu wa maliasili wapewe taarifa. Awe wa nyumbani au wa porini, usimchanganye na kuku wako. Bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege huku yeye mwenyewe yuko sawa. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, vyombo vyake visioshwe pamoja na sahani za watu, na watoto wadogo wasimbusu hata akipendeza vipi.

Boksi la katoni linatosha. Tandika maranda ya mbao au kanga iliyochakaa. Gazeti linateleza na miguu yake hutanuka vibaya. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hivi, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Usidanganywe na jua la mchana. Upepo wa ziwa usiku unapenya, na manyoya laini ya kifaranga yakilowa hayamkingi na chochote. Balbu ya zamani ile inayotoa joto iwekwe upande mmoja wa boksi, ili upande wa pili aweze kukimbilia akizidiwa. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kanga, ilaze karibu naye na uibadilishe ikipoa. Jiko la mkaa usiliingize chumbani. Moshi wake usioonekana unaua ndege kabla yako, kisha unakufikia na wewe. Huhitaji kipimajoto kujua umepatia: mshike mguu. Ukiwa wa baridi kama jiwe la ufukweni, bado hajawa tayari kula. Akijibana kwenye kona chini ya taa akilia, anasikia baridi; akihema mdomo wazi mbali na taa, umemzidishia.

Maji ayapate kwenye kitu kifupi chenye kina cha kuzamisha mdomo wote mpaka matundu ya pua, kwa sababu bata husafisha pua kwa maji na hawezi kumeza chakula kikavu bila maji pembeni. Mimi natumia kifuniko cha ndoo na kokoto tatu katikati asije akaingia mzima. Maji yachemshwe na yapoe. Ya Mirongo na ya ufukweni yaache huko huko. Kumwogesha pia bado. Manyoya ya kifaranga anayelelewa bila mama hulowa upesi akapoa, na huyu hana mama. Kama ameishiwa maji mwilini kwa kuharisha, nunua elektrolaiti ya kuku (unga wa chumvichumvi wa kuchanganya na maji ya kunywa) kwenye duka la dawa za mifugo na uchanganye kama pakiti inavyosema. Usikoroge chumvi kwa kukadiria, chumvi nyingi inamuua bata mdogo upesi. Akishindwa kunywa, mguse ubavuni mwa mdomo kwa kidole chenye tone, amung'unye mwenyewe. Usimminyie bomba la sindano kooni: tundu la pumzi liko pale pale kwenye shina la ulimi.

Sasa chakula, na hapa ndipo wengi tunapokosea kwa huruma. Aliyeanguliwa leo au jana bado ana kiini cha yai tumboni, kinachomtosha siku mbili hivi, kwa hiyo usiogope asipokula siku ya kwanza. Baada ya hapo mpe chakula cha vifaranga kilicholoweshwa kiwe kama uji mzito, kiasi kidogo kila baada ya saa mbili mchana, na kinachobaki kitupwe kabla hakijachacha. Tafuta kisichotiwa dawa, maana dawa ile imepimwa kwa ajili ya kuku, na bata anakula zaidi ya kuku wa umri wake. Mkate hapana: unajaza tumbo bila kumjenga. Maziwa hapana kabisa, ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na kwa anayeharisha tayari unaongeza moto.

Chakula cha kuku kina pungufu moja kwa bata: niasini, aina ya vitamini. Bata anaihitaji karibu maradufu ya kifaranga wa kuku, na akiikosa miguu hulegea na kupinda, mtu akadhani amevunjika. Sisi wa huku tuna bahati, dagaa wana niasini. Lakini chagua. Dagaa wa bei ya chini pale Mwaloni Kirumba wengi wameanikwa mchangani, na ukiwasaga unasaga na mchanga. Nawaosha, unaona mchanga umebaki chini ya beseni kama mabaki ya kahawa; kisha nawakausha upya juu ya bati, nawasaga na kuwachekecha kwa chujio la chai. Nawanusa pia. Wenye harufu ya mafuta yaliyooza siwapi ndege yeyote. Kwa anayeharisha, subiri tumbo litulie, kisha anza na ncha ya kijiko kwenye chakula cha siku nzima. Hamira ya maandazi usimpe hata ukiambiwa ina vitamini hiyo. Iko hai, inaumuka tumboni.

Na karanga? Zina niasini, ila ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, vifaranga wa bata nao wakafa, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Hivyo ndivyo sumukuvu, sumu ya ukungu huo, ilivyojulikana. Kifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika nayo kwa kiasi kidogo mno, na ini lake ndilo linaloharibika. Mahindi yaliyonyeshewa, pumba iliyoshikana mabonge, mashudu yenye harufu ya stoo iliyofungwa: kuku mkubwa anaweza kuvumilia, huyu hawezi. Ukiona hata doa la kijani kwenye gunia, achana nalo.

Mchicha au sukuma wiki vipewe baadaye, vimekatwa vidogo sana na kuelea majini. Siku utakayoanza kumpa majani, weka na changarawe laini kidogo, firigisi yake isage.

Halafu jifunze kusoma kinyesi. Cha bata mwenye afya ni chepesi kwa kawaida, kahawia au kijani, na cheupe kidogo juu. Kuna kile cha kunata chenye harufu kali kinachotoka mara chache, nacho ni cha kawaida. Cha kijani kikali chenye maji matupu huwa ni nyongo ya tumbo tupu, kwa hiyo angalia kama anakula kweli. Kikiwa na damu, au chakula kikatoka kama kilivyoingia, hapo kuna shida. Mgeuze pia umtazame chini ya mkia. Kinyesi kikikauka pale kinaziba tundu na tumbo linavimba. Usikibandue, ngozi itachanika. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, ishikilie hapo mpaka kilainike kiteleze chenyewe, mpanguse, mkaushe, mrudishe kwenye joto.

Antibiotiki ya unga inayouzwa kila duka usimpe kwa kubahatisha. Kuharisha kwa baridi, kwa chakula kibovu au kwa virusi hakuponi kwa dawa hiyo, na bakteria wazuri wa tumboni wanakufa bure. Weka namba ya afisa mifugo wa kata kwenye simu mapema. Mpigie usiku huo huo ukiona damu, shingo imelegea au imejikunja kwa nyuma, au amekataa maji. Akifa na una bata wengine, mzoga uhifadhiwe kwenye ubaridi na upelekwe kwa daktari wa mifugo, usiutupe ziwani.

Yule wa fulana ya shule tulimpima kila asubuhi kwenye mzani wa jikoni. Siku ya kwanza gramu 47, ya pili 44, nikaanza kukata tamaa kimya kimya. Ya tatu 46. Siku hiyo mtoto aliinama juu ya boksi muda mrefu kabla ya kwenda shule, kisha akaniita kwa sauti: "Mamkubwa, njoo uone, amekunya vizuri!"